Moyo, Mshipi na Kanzu

Babu yangu mzaa baba hakununua sigara hata moja maishani mwake, wala hakulala hata usiku mmoja bila kuvuta. Alikunja mwenyewe, barazani, juu ya kipande cha ubao wa mninga kilicholainika kwa miaka mingi ya kusuguliwa na viganja. Wala haikuwa sigara hii ya karatasi tunayoijua sote. Ilikuwa sigaa, ile nene ya jani tupu, isiyo na karatasi wala kichungi, ambayo watu wengi wa kwetu Songea walikuwa wameiona midomoni mwa Wazungu tu. Wazee wenzake walivuta kiko au walinusa ugoro. Walipomwona Babu na sigaa yake walicheka, wakasema mzee huyu amekuwa bwana shamba. Babu hakujali. Alitoa moshi polepole, akawaambia, "Bwana shamba alinunua. Mimi najua kilichomo ndani."

Nataka kueleza katika kurasa hizi jinsi mkulima asiyejua kusoma alivyoipata elimu ile, majani yake aliyatoa wapi, na mwisho wake ulikuwa nini. Nimechelewa kuliandika jambo hili, kwa sababu sikujua niliandike kwa sifa au kwa majuto. Sasa nimezeeka, na mjukuu wangu ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja. Msomaji atanivumilia nikianza mbali kidogo.

Babu alizaliwa katika miaka ya njaa iliyofuata Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Maghala ya nafaka yalikuwa yamechomwa, wazee wa Kingoni walikuwa wamenyongwa mwaka 1906, na waliobaki walitakiwa kulipa kodi. Fedha ya kodi haikuwako Songea. Ilikuwa mbali, Tanga, katika mashamba ya mkonge. Kwa hiyo Babu alipopata nguvu za kiume aliondoka na vijana wenziwe, sehemu kwa miguu na sehemu kwa lori la mwandikishaji, akawa manamba. Alipewa kipande chake, karatasi ile ya siku thelathini za kazi, akaanza kukata mkonge.

Hapa inafaa nirudi nyuma, maana nilipokuwa mwalimu na kupata nafasi ya kusoma historia, niligundua jambo ambalo Babu hakulijua. Nchi ile aliyoikuta imejaa mkonge ilikuwa imekusudiwa, hapo mwanzo, iwe nchi ya sigaa. Mnamo 1863 Mholanzi mmoja, Jacobus Nienhuys, alifika Deli, katika kisiwa cha Sumatra, akaanza kulima tumbaku. Jani la Deli likatoka jembamba, jepesi, lenye kunyumbuka kama kitambaa, likafaa mno kuvalisha sigaa kwa nje. Matajiri wa Amsterdam walilipigania. Wajerumani nao, walipoingia nchi yetu katika miaka ya 1880, wakawa na ndoto ya kupata Deli yao wenyewe. Kampuni yao moja ikafungua shamba la tumbaku Lewa, bara ya Pangani. Vita vya Abushiri vilipozuka mwaka 1888, shamba la Lewa likavamiwa. Baada ya vita walijaribu tena, hata wakaleta vibarua Wachina na Wajava kutoka Singapore mwanzoni mwa miaka ya 1890. Tumbaku haikuwapa walichokitaka.

Mwaka 1893 Daktari Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche iliyosafirishwa ilikuwa elfu moja. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba yote yale ya Tanga, na kutokana na mashamba yale ikatokea kiu ya manamba, na kiu ya manamba ndiyo iliyomvuta Babu kutoka Songea. Kwa hiyo, kama jani la sigaa lingekubali udongo wa Lewa, huenda mkonge usingeitawala nchi ile, na huenda Babu asingefika huko kukutana na sigaa. Historia ina mizunguko ya namna hii.

Alikutana nayo hivi. Baada ya miaka kadhaa ya kukata mkonge alipelekwa kwenye mashine ya kukamua, ile ambayo watu wa mashambani waliiita korona. Fundi wa mashine alikuwa Mholanzi mmoja mzee mwenye kikohozi. Fundi huyu alimpenda Babu kwa utulivu wake, akamchukua nyumbani awe boi. Kila jioni Mholanzi aliketi kibarazani akavuta sigaa kutoka katika kasha la mbao, na kila asubuhi Babu alizoa vipande vilivyobaki katika kisahani cha majivu. Babu alikuwa ametoka katika nchi ya tumbaku, na harufu ile ilimshangaza. Ilikuwa tumbaku, naye aliijua tumbaku, lakini ilikuwa kama sauti tatu zinazoimba pamoja.

Siku moja alichukua vipande vitatu, akavitia majini katika kifuu, akavifunua taratibu jani kwa jani. Aliponisimulia habari hii alikuwa akicheka kama mtoto aliyeiba sukari. Ndani kabisa alikuta majani manene yaliyokunjwa kwa urefu, tena hayakuwa ya namna moja: mengine meusi na ya mafuta, mengine ya rangi ya udongo. Yale majani yalifungwa na jani moja gumu, lisilopendeza macho. Halafu nje, juu ya yote, kulikuwa na jani moja jembamba, safi, lisilo na tundu wala doa. Nina hakika leo kwamba hilo la nje lilikuwa jani la Sumatra, maana ndilo Waholanzi walilolitumia tangu zamani. Babu hakuwa na majina ya sehemu hizo, basi akazipa majina yake. Majani ya ndani aliyaita moyo. Jani la kufunga aliliita mshipi. Jani la nje aliliita kanzu. Nimekwisha kusoma vitabu kadhaa juu ya ufundi huu, na sijakutana na majina mazuri kuliko hayo.

Alirudi nyumbani Songea katika miaka ya 1940 na vitu vichache: baiskeli, blanketi mbili, na elimu ya kifuu. Lakini kujua kwamba sigaa ni majani ya namna tatu ni jambo moja. Kuyapata majani yenyewe ni jambo jingine. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu Babu kama msomi, ingawa hakujua a wala be.

Tumbaku ya kwetu Songea ni tumbaku ya moshi. Jani hutundikwa bandani, na chini yake huwashwa moto mdogo wa magogo, unaotoa moshi mwingi kuliko ndimi. Jani hukauka polepole kwa siku nyingi, likawa jeusi, zito, lenye harufu ya moto wa jikoni. Wataliani wana sigaa yao iitwayo Toscano, ambayo hufanywa kwa jani la namna hii hii la moshi. Husimuliwa kwamba ilianza mwaka 1815 mjini Florence, mvua ilipolowesha mapipa ya tumbaku, jani likaumuka, na wenyewe wakaona afadhali kulikunja na kuliuza kwa bei ndogo kuliko kulitupa. Babu hakupata kusikia habari za Florence, lakini alijua kwamba jani letu peke yake lilikuwa kali kupita kiasi. "Jani la Songea ni kama askari," alisema. "Huwezi kujaza nyumba askari watupu."

Akatafuta wa kulipoza. Alipokuwa Tanga alikuwa ameiona magulioni tumbaku ya Washambaa, iliyokaushwa kivulini bila moto, tamu kidogo na nyepesi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita nchi hii kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba tumbaku ya Usambara ndiyo iliyosifiwa zaidi Unguja. Ilifinyangwa kuwa vikate vidogo vya mviringo, ikafungwa katika majani ya mgomba na kusafirishwa. Ya pili kwa sifa, aliandika, ilikuwa ya nchi ya Wayao, iliyouzwa kwa jani au ikiwa imesokotwa kama kamba na kuviringishwa. Hiyo iliitwa kambari. Watu wa Ukutu na Usagara nao walitwanga yao, wakaifanya mikate mikubwa ya uzito wa ratili tatu hivi, wakawauzia Wagogo kwa chumvi. Basi kabla hakujawa na ghala wala mizani ya serikali, nchi hii ilikuwa na biashara ya tumbaku yenye majina, maumbo na sifa za mahali kwa mahali, na mnunuzi alijua anachokitaka.

Babu alikuwa mmoja wa wanunuzi wa mwisho wa namna ile. Kila mwaka, manamba waliporudi kutoka Tanga, mmoja wao alimletea fungu la jani la Usambara, ambalo halikufinyangwa. Alimlipa kwa kuku au kwa kumlimia. Kutoka upande wa Tunduru, mfanyabiashara wa Kiyao alipita na baiskeli yake akiuza samaki wakavu, na chini ya samaki kulikuwa na msokoto wa tumbaku. Jani hilo lilikuwa limeumuka likiwa katika msokoto, likawa na harufu kama ya matunda yaliyoiva sana. Babu alikuwa akisokotoa kipande chake, akakitundika juu ya mlango kwa siku tatu ili kiache harufu ya samaki, halafu akakionja.

Kuonja kwake kulikuwa na kanuni. Kwanza alilikunja jani mkononi na kuliachia, aone kama linafunguka. Lililopasuka lilikuwa kavu mno. Lililobaki limekunjamana lilikuwa halijaiva. Pili alilinusa mahali pa kikonyo. Likinuka mkojo wa ng'ombe, alilirudisha kwenye gunia likaendelee kuumuka, maana hiyo ni hewa ya amonia nalo halijaimaliza kuitoa. Tatu alichoma kipande kidogo kwenye kaa la moto na kutazama majivu. Majivu meupe yaliyoshikamana yalikuwa mema. Majivu meusi yaliyoporomoka yalikuwa mabaya, na kama moto ulizimika upesi alisema jani hilo limekula chumvi. Nilidhani ni maneno ya wazee. Baadaye nilisoma kwamba klorini ikizidi katika jani, jani hukataa kushika moto, na kwamba udongo wenye chumvi ndio unaoileta.

Kanzu ndiyo iliyomtaabisha kuliko vyote. Jani la moshi ni nene na lina mishipa minene. Ukilivalisha kwa nje, sigaa inafanana na mguu wa mzee. Akajaribu kupanda miche michache chini ya migomba ya Bibi, nyuma ya nyumba, mahali ambapo jua hufika likiwa limechujwa. Majani yakatoka mapana na membamba, kwa kuwa jani lililo kivulini hujitanua kutafuta mwanga. Wamarekani wa Connecticut walianza kulifanya jambo hilo hilo mwaka 1900 kwa kutandaza mahema ya kitambaa juu ya mashamba mazima. Babu hakuwa na mahema. Alikuwa na migomba ya mke wake, na ugomvi. Bibi aliniita pembeni akasema, "Mume wangu, kamwambie mume mwenzako tumbaku yake inanyonya ndizi zangu." Nikapeleka ujumbe. Babu akajibu kwamba ndizi zitaliwa na kwisha, lakini kanzu ni heshima. Miche ikabaki.

Nilikuwa na miaka tisa aliponiketisha mbele ya ubao ule, nadhani ilikuwa mwaka 1958. Kazi ilifanywa jioni za masika, kwa sababu jani lililokaa usiku katika hewa yenye unyevu hulainika, na jani kavu haliguswi. Kwanza nilijifunza kutoa mshipa wa katikati bila kulipasua jani. Halafu kuchanganya. Mche mmoja wa tumbaku wenyewe una majani ya tabia tatu: ya chini ni mepesi na hushika moto vizuri, ya katikati yana harufu, ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi, yana nguvu. Hili ndilo Wakuba wanalolifuata hata leo wanapopanga moyo wa sigaa zao. Babu alilijua kwa mkono. Kipimo chake kilikuwa hiki: sehemu mbili za jani la Usambara, sehemu moja la Songea, na kipande cha kambari kisichozidi kidole gumba. Lile kali aliliweka katikati kabisa, "moto ulikute mwisho". Majani hayakubanwa kama anayefunga mzigo. Yalikunjwa moja moja, mkunjo juu ya mkunjo, ili hewa ipite katikati. Akija mtu akavuta na hewa isipite, Babu alisema sigaa hiyo ina pumu.

Moyo ukishakuwa tayari ulivingirishwa mshipi kwa mshazari, ukalazwa kati ya mbao mbili na jiwe juu yake mpaka asubuhi. Kanzu ilikuja siku ya pili. Jani moja hutoa kanzu mbili, nusu ya kulia na nusu ya kushoto, na kila nusu ina upande wake wa kuzungukia, ili mishipa ilale sawa na isijitokeze. Ulianza miguuni ukaishia kichwani, na kichwa kikafungwa kwa tone la uji wa muhogo. Nilipoharibu kanzu Babu hakunipiga wala kunigombeza. Aliikunjua, akaitia katika fungu la moyo, akasema hakuna jani linalotupwa, linashushwa cheo tu.

Wakati vidole vyake vikifanya kazi, mdomo wangu nao ulikuwa na kazi. Babu alitaka nisome. Kulikuwa na matoleo ya zamani ya *Mambo Leo* ambayo baba aliyapata misheni, na kitabu kimoja kisicho na jalada, ambacho baadaye nilikuja kukitambua kuwa ni *Mashimo ya Mfalme Sulemani*. Nilisoma kwa sauti, ukurasa kwa sigaa, na nikikosea neno Babu alisimama kukunja akanitazama, ingawa yeye mwenyewe asingeweza kulisoma. Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba katika viwanda vya sigaa vya Havana, tangu mwaka 1865, wafanyakazi walichanga fedha zao kumlipa msomaji aliyekaa juu ya jukwaa akiwasomea magazeti na riwaya wakiwa kazini. Niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Nilikuwa nimeifanya kazi ile bure, na malipo yangu yalikuwa kwamba nikawa mwalimu.

Lakini haikuwa bure kweli. Karo yangu ililipwa kwa tumbaku, nayo si ile ya Babu. Baba yangu alilima tumbaku ya moshi kwa ajili ya kuuza. Wakulima wa kwetu walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, NGOMAT, cha Wangoni na Wamatengo, kilichoundwa mwaka 1936, na jani letu lilikwenda kwa marobota hadi nchi za ng'ambo. Baba hakuvuta kabisa. Yeye hakulionja jani. Alilichambua kwa urefu, rangi na madoa, akalipanga kwa madaraja, na mtu mwingine akaamua ni la daraja gani. Walipokaa pamoja barazani, mwana na baba yake, walizungumza juu ya mmea mmoja kwa lugha mbili. Babu aliuliza, "Lina ladha gani?" Baba alijibu, "Lina bei gani?" Nami nilikuwa katikati, nikila kwa mmoja na kusomeshwa na mwingine.

Sitamlaumu baba. Lakini ndivyo ilivyopotea ile biashara ya zamani ya vikate vya Usambara na misokoto ya Kiyao. Haikupigwa marufuku kwetu. Ilikufa kwa kukosa nafasi. Jani lote lilikuwa na mahali pa kwenda, na mkulima akishauza jani lake alikwenda dukani kununua sigara ya kiwandani iliyotengenezwa kwa jani la mahali pengine. Nilipohamishiwa Tabora kufundisha, katika miaka ya 1970, niliona jambo hilo hilo kwa ukubwa zaidi: mabani ya tumbaku ya mvuke, marobota yaliyopangwa hadi darini, na wakulima wenyewe wakiombana sigara moja ya paketi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, vikaja kurudishwa katika miaka ya 1980, na kupanda na kushuka huko kote hakukubadili hilo. Tuliijua tumbaku kwa uzito wake, tukaacha kuijua kwa ladha.

Kama ningeishia hapa, msomaji angeona namwomboleza fundi na ufundi wake, na angenihurumia. Lakini kuna sehemu ya pili, na bila hiyo nitakuwa nimesema uongo.

Kila msimu wa kuchuma, sisi watoto tuliingia shambani alfajiri, jani likiwa bado na umande. Kufika saa nne baadhi yetu tulikuwa tukitapika, kichwa kikizunguka, jasho baridi likitutoka. Watu wazima walisema ni njaa, wengine wakasema ni jicho baya. Mwaka 1970 madaktari wa Florida waliandika habari za ugonjwa huo huo kwa vibarua wa mashamba ya tumbaku: nikotini huyeyuka katika maji yaliyo juu ya jani, ikapita kwenye ngozi, ikaingia katika damu. Hatukuwa tumerogwa. Tulikuwa tumevuta tumbaku kwa ngozi zetu, kabla ya kunywa uji.

Na Babu. Babu hakuvuta moshi hadi mapafuni. Mvuta sigaa huuweka kinywani, akausikia, akautoa. Alijisifu kwa hilo. Mwaka 1950 utafiti wa Uingereza na wa Marekani ulikuwa umekwisha kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, lakini habari hizo hazikufika barazani kwetu, na kama zingefika Babu angesema kwamba hazimhusu. Leo inajulikana vizuri kwamba moshi wa sigaa, hata usipomezwa, huingiza sumu yake kupitia utando wa kinywa, na huleta saratani ya kinywa na ya koo. Mwaka 1971 kidonda kilitokea chini ya ulimi wake. Alikitibu kwa maji ya chumvi, halafu kwa mizizi, halafu kwa kunyamaza. Tulipompeleka hospitali alikuwa hawezi tena kumeza ugali.

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka miaka mitatu kabla ya hapo, na katika miaka hiyo mitatu aliyemkunjia ni mimi. Kila likizo nilimwachia kasha zima. Nilijivunia kanzu zangu, maana zilikuwa zimefika mahali ambapo hakuweza kuzitofautisha na zake. Jambo hili nimelibeba kwa miaka zaidi ya hamsini. Watu wameniambia kwamba hukujua, na ni kweli sikujua. Hata hivyo mkono uliokunja ni huu ninaoandikia.

Nilikwenda kumwona hospitali mara ya mwisho mwaka 1972. Sauti ilikuwa imekwisha, alizungumza kwa kunong'ona. Aliniomba sigaa. Nilikuwa nayo mfukoni, kwa sababu nilimjua. Niliitoa, akaishika, akaipeleka puani, akainusa kuanzia miguuni hadi kichwani, macho yamefungwa. Akapitisha kidole gumba juu ya kanzu kutafuta mshipa uliojitokeza, asiuone. Halafu akanirudishia. Akanong'ona, "Kikulacho ki nguoni mwako, mjukuu wangu," na akajaribu kucheka kwa ajili ya lile neno kanzu. Sikucheka. Baada ya siku kumi na moja tulimzika nyuma ya nyumba, si mbali na migomba ya Bibi. Sijawasha sigaa tangu siku hiyo, na ile aliyonirudishia niliizika pamoja naye.

Ubao niliubaki nao. Umenifuata katika nyumba sita za walimu na hatimaye katika nyumba yangu ya kustaafia. Sasa nifike kwenye swali la mjukuu wangu. Kijana huyu yuko Arusha, katika kazi za watalii. Amewaona wageni wakilipa fedha nyingi kwa sigaa moja, na amesikia kwa mama yake kwamba babu anajua kuikunja. Akaja akaniambia, "Babu, nifundishe kuchanganya majani. Jani tunalo hapa nchini, la moshi, la mvuke na la hewa. Tunauza nje marobota, halafu sigaa zinarudi katika makasha. Kwa nini tusikunje wenyewe?"

Nilitazama ubao. Swali lake lilikuwa ni lile lile nililojiuliza Tabora, tena alilisema vizuri kuliko mimi. Ningeweza kumwambia ndiyo kwa ajili ya historia, au hapana kwa ajili ya kidonda. Elimu ya Babu ilikuwa elimu ya kweli. Ilijua udongo, moto, maji na njia za biashara kutoka Usambara hadi ng'ambo ya Ruvuma, na sioni haki ife nami kwa sababu tu iliishia pabaya. Lakini sioni haki pia kumpa kijana moyo na mshipi nikamficha kinachovaliwa ndani ya kanzu. Aliyenifundisha mimi hakunificha kitu; hakujua. Mimi najua.

Kwa hiyo nilimwambia akae. Akatoa daftari, akauliza tuanze na jani lipi, la chini ya mche au la juu. Nikamwambia aliweke daftari kwanza. Nikaanza na hospitali.